Kufunga Kituo cha Hali ya Hewa Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Nguzo Hadi Takwimu

Kila masika yakikaribia napokea picha zilezile. Kituo kipya cheupe kimefungwa kwenye kona ya paa la bati, na chini ya picha kuna swali: "Mbona kinasoma nyuzi 41?" Au: "Mvua imenyesha usiku kucha, mbona kinaonyesha milimita 4 tu?" Karibu kila mara kifaa chenyewe ni kizima. Tatizo ni mahali kilipofungwa, au mambo mawili matatu yaliyorukwa kwa sababu mwenye kituo alikuwa na hamu ya kukiona kikifanya kazi siku hiyohiyo.

Mwongozo huu ni wa vile vituo vya nyumbani vyenye kichwa kimoja: kipimajoto, kipima unyevu, kipima upepo na kipima mvua vimeungana, na taarifa zinarushwa kwa redio hadi kwenye skrini iliyo ndani. Naishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako mvua ya upande mmoja wa mlima si mvua ya upande wa pili. Hatua hizi zinafaa popote Afrika Mashariki. Pale ambapo eneo linabadilisha jambo, nimesema.

Soma wote hadi mwisho kabla ya kuchimba shimo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kituo chenyewe. Angalia kwenye boksi kinatumia masafa gani ya redio. Kwetu chukua cha 868 MHz au 433 MHz. Vya 915 MHz vimetengenezwa kwa soko la Marekani, na huku kwetu masafa hayo yanapakana na ya simu.
- Bomba la chuma lililopakwa zinki, mita 6. Litakatwa.
- Nusu mfuko wa saruji, mchanga na kokoto.
- Pima maji, hata ile ndogo ya fundi.
- Rangi ya kuzuia kutu, kidogo tu.
- Betri mpya zisizo za kuchaji. Za kuchaji hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na vituo vingi huzima mapema vikiwekewa hizo.
- Kopo lenye kuta zilizonyooka, kama la maziwa ya unga, na rula. Usilidharau. Ndilo litakalokuambia kama mashine yako inasema kweli.
- Chupa ya maji ya nusu lita, na sindano.
- Daftari.

Onyo kuhusu bomba: chukua kishikio cha kituo uende nacho dukani. Bomba linaloitwa "inchi moja" lina upana wa nje wa milimita 33 hivi, na la "inchi moja na nusu" linafika milimita 48. Watu wengi hununua kwa jina, wakafika nyumbani wakakuta kishikio hakiingii.

## Hatua ya 1: Kiwashe mezani kwanza

Weka betri kwenye kichwa cha nje, kisha washa skrini, vyote vikiwa juu ya meza moja umbali wa mita mbili au tatu. Subiri hadi namba zote zitokee. Zungusha vikombe vya upepo kwa kidole, uone kasi ikipanda. Kiinamishe kichwa taratibu kulia na kushoto, usikie ile "tik" ya kikombe cha mvua kikibinuka.

Ndani ya kipima mvua mara nyingi kuna kipande cha karatasi au utepe kilichowekwa kiwandani ili kikombe kisitikisike njiani. Kiondoe. Hiki peke yake ndicho chanzo cha barua nyingi za "mvua sifuri".

Acha kichwa na skrini chumba kimoja usiku kucha, mbali na jiko na jokofu. Asubuhi linganisha joto la nje na la ndani kwenye skrini. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi moja, endelea. Ikizidi nyuzi mbili, kirudishe dukani sasa, kabla hakijaguswa na jua na mvua.

Umefaulu ikiwa: namba zote zinaonekana, upepo unajibu kidole, mvua inahesabu, na vipimajoto viwili vinakubaliana.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Tenga siku nzima ya kuzunguka kiwanja chako, asubuhi, mchana na jioni, ukitazama vivuli vinavyotembea.

Paa la bati, hapana. Bati la mchana linachemsha hewa iliyo juu yake, na kipimajoto kinapima hewa hiyo, si hewa ya mtaa wenu. Ukuta uliopigwa jua ni vivyo hivyo: unahifadhi joto na kulitoa hadi usiku. Zege la uani nalo halina tofauti. Joto la hewa linapimwa juu ya nyasi au udongo wa kawaida, kipimajoto kikiwa kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Hicho ndicho kipimo cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na ndicho kinachotumika kwenye vile vibanda vyeupe vya mbao unavyoviona kwenye viwanja vya ndege na mashuleni. Jitahidi nguzo iwe angalau mita 10 kutoka nyumba, zege na lami. Kiwanja kikiwa kidogo, chagua kona iliyo mbali zaidi, na ujue kwamba namba za mchana zitapanda kidogo.

Chini ya mwembe, hapana. Kivuli kinavutia, lakini majani hupokea mvua kabla ya kipimo, kisha huendelea kudondosha matone hata mvua ikiwa imekatika. Kanuni ni hii: kila kitu kirefu kiwe mbali na kipima mvua kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Mnazi wa mita 12 unataka mita 24. Ukipata mara nne, bora zaidi, maana mvua ya upepo haidondoki wima. Katika kuhesabu, chukua tu ule urefu unaozidi mdomo wa kipimo; kitu kilicho kifupi kuliko kipimo hakina shida.

Upepo unataka juu. Kipimo rasmi cha upepo ni mita 10 mahali pa wazi. Kichwa kimoja hakiwezi kuwa mita 2 kwa ajili ya joto na mita 10 kwa ajili ya upepo kwa wakati mmoja, kwa hiyo lazima uchague. Ushauri wangu kwa mwenye shamba au bustani ni mita 2, bila kusita. Joto na mvua ndivyo vitakavyokusaidia kupanga kupanda na kumwagilia, na hata hesabu ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) ya maji yanayopotea shambani hutumia upepo wa mita 2. Mahali pa wazi, upepo wa mita 2 ni kama robo tatu ya ule wa mita 10. Kwa hiyo kituo chako kikionyesha pungufu kuliko uwanja wa ndege, hakijakosea.

Ukishapata mahali, chomeka kijiti hapo. Funga kichwa kwa kamba kwenye mti wa ufagio, ukisimamishe kwa siku moja, kisha kaa ndani uone kama skrini inapokea. Namba ya "mita 100" iliyo kwenye boksi ni ya uwanja mtupu. Ukuta wa tofali na madirisha yenye nondo hupunguza sana. Mawimbi yakikatika, sogeza skrini kwanza: iweke karibu na dirisha, mita mbili kutoka televisheni na ruta.

Umefaulu ikiwa: kwa saa 24 skrini haijaonyesha vistari badala ya namba.

## Hatua ya 3: Simamisha nguzo

Kata bomba lipate kipande cha mita 2.6. Sentimita 80 zitaingia ardhini, mita 1.8 zitabaki juu, na kichwa kitakaa karibu na mita 2. Kile kipande kingine kitunze. Siku ukinunua kipima upepo cha peke yake, nguzo tayari unayo.

Paka rangi ya kuzuia kutu mahali palipokatwa, kwa sababu msumeno umeondoa ile ngozi ya zinki. Pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, usiruke hili, chumvi ya bahari haisubiri mwaka. Ziba mdomo wa juu wa bomba kwa kifuniko au hata kwa saruji. Bomba lililo wazi hujaa maji, na nyigu hulifanya nyumba.

Chimba shimo la upana wa sentimita 30. Tandika kokoto kidogo chini ili maji yapite. Simamisha bomba, mwaga zege la uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, huku mwenzako akishika pima maji upande mmoja kisha upande wa pili. Funga mbao tatu za kulishikilia bomba. Acha siku tatu, ukinyunyizia zege maji asubuhi na jioni.

Watu hupuuza siku hizi tatu. Nguzo inayocheza hata kidogo humwaga kikombe cha mvua kila upepo unapovuma, na utapata milimita 2 za "mvua" katikati ya Agosti kavu.

Kuhusu radi: nguzo ya mita 2 iliyo chini kuliko nyumba na miti haiongezi hatari ya maana. Hatari iko kwenye bomba refu lililofungwa juu ya paa, hasa kanda ya Ziwa Victoria ambako radi ni nyingi mno. Ukilazimika kuweka juu ya paa, mtafute fundi umeme aliyesomea aweke erthi ya kweli. Na ngurumo ikisikika, shuka ngazi, hata kama imebaki skrubu moja.

Umefaulu ikiwa: ukisukuma nguzo kwa mkono mmoja haitikisiki, na tone la pima maji limekaa katikati pande zote mbili.

## Hatua ya 4: Funga kichwa na utafute kaskazini

Kichwa kiwe sawa kwa pima maji, peke yake, hata kama nguzo imenyooka. Kikombe cha mvua kilichoinama upande mmoja hubinuka kabla ya wakati wake au baada. Vichwa vingi vina pima maji ndogo ya duara juu yake, itumie.

Sasa kaskazini. Usisimame kando ya nguzo na dira ya simu, kwa sababu chuma kinaivuta. Rudi nyuma mita tano, ulenge ukiwa mbali. Au tumia kivuli, ambacho hakidanganywi na chuma: chomeka kijiti wima asubuhi ya jua, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika ishirini, weka kokoto ya pili. Mstari kutoka kokoto ya kwanza kwenda ya pili unaelekea mashariki. Ukitazama mashariki, kaskazini iko mkono wako wa kushoto.

Kwa watu wa pwani ipo njia nyingine, na ni nzuri kabisa. Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja na Makka, hivyo kibla kwao ni kaskazini, pungufu au zaidi ya digrii moja mbili. Ndiyo maana wazee wengi wakisema "upande wa kibla" wanamaanisha kaskazini. Tazama mihrabu ya msikiti wa karibu, umemaliza. Hata hapa Morogoro tofauti haizidi digrii tano, na kwa kipima upepo cha nyumbani hiyo si kitu.

Kibao cha sola. Karatasi za maelekezo nyingi zimeandikwa kwa watu wa Ulaya, na zinasema kibao kitazame kusini. Kwa sisi tulio chini ya ikweta, kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana liko kaskazini. Hapa Morogoro linahamia kusini kuanzia kama tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi tu. Kama kibao kinazunguka, kielekeze kaskazini. Kama kimegandishwa pamoja na mshale wa upepo, tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuchagua nusu ya dunia ya kusini. Ukichagua hivyo, geuza kichwa kizima kama karatasi inavyosema. Mipangilio hiyo ikikosekana, acha mshale utazame kaskazini na usihangaike na kibao. Jua letu liko juu kiasi kwamba kitapata mwanga hata kikiwa kimegeuka. Kisumu na Kampala, karibu kabisa na ikweta, upande wowote ni sawa.

Umefaulu ikiwa: wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, mtu wa pwani anaona mshale ukielekea kusini au kusini mashariki siku nyingi, na kaskazi ikiingia mnamo Desemba unageuka. Ukiona kinyume kabisa, kichwa kimegeuzwa digrii 180.

## Hatua ya 5: Hakikisha mvua

Masika mmoja jirani yangu, mzee anayelima mahindi na mbaazi, alinigongea asubuhi mapema. Nilipomwamkia shikamoo, alijibu marahaba, akaniuliza: "Mwanangu, ndoo yangu imefika nusu. Mashine yako inasemaje?" Mashine ilisema milimita 3. Nilipanda kiti nikachungulia kwenye faneli. Majani ya mwarobaini yalikuwa yameziba tundu, na juu yake kinyesi cha ndege kimekauka kama plasta. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, yakimwagikia nje. Ule usiku wote haumo kwenye takwimu zangu, wala siwezi kuurudisha.

Tangu hapo nina kopo kando ya nguzo. Kopo lenye kuta zilizonyooka halihitaji hesabu: kina cha maji kwa milimita ndicho mvua kwa milimita, liwe pana au jembamba. Ndoo ya mzee haifai kwa sababu imepanuka juu. Lisimamishe mita moja kutoka nguzo, kwenye tofali mbili lisipeperushwe, mdomo ukiwa sawa. Lisome saa tatu asubuhi kabla jua halijakausha, kisha limwage. Saa tatu ndiyo saa ambayo vituo rasmi huku kwetu husoma mvua, na takwimu zako zitalingana nao.

Sasa kipime kipima mvua chenyewe. Pima kipenyo cha faneli kwa sentimita, gawanya kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.14. Hilo ndilo eneo. Faneli ya sentimita 11 ina eneo la sentimita za mraba 95, na kwa faneli hiyo mililita 95 za maji ni sawa na mvua ya milimita 10. Siri ni hii: eneo kwa sentimita za mraba ndilo kiasi cha mililita cha kumwaga ili upate milimita 10. Faneli ikiwa ya mraba, zidisha tu upande kwa upande.

Toboa kifuniko cha chupa kwa sindano, tia kiasi hicho cha maji, igeuze juu ya faneli, idondoshe polepole kwa nusu saa au zaidi. Ukimwaga kwa haraka, kikombe hakiwahi kubinuka na jibu litakuwa pungufu. Hata mvua yetu kubwa ya masika hufanya hivyo hivyo, ndiyo sababu ya pili ya kuwa na kopo.

Umefaulu ikiwa: skrini inasoma kati ya 9.5 na 10.5. Ikiwa nje ya hapo, rudia mara tatu, chukua wastani, kisha tafuta kwenye mipangilio mahali pa kurekebisha mvua. Skrini ikionyesha 8, weka kizidisho cha 1.25.

## Hatua ya 6: Mgandamizo wa hewa

Kituo kinapima mgandamizo wa mahali kilipo. Morogoro mjini, mita 500 na kitu juu ya bahari, namba ni karibu milibari 955. Nairobi ni kwenye 830. Namba hizo ni sahihi, lakini huwezi kuzilinganisha na za mtu mwingine hadi uzirudishe kwenye usawa wa bahari.

Njia rahisi: tafuta ripoti ya uwanja wa ndege ulio karibu, zinatolewa kila saa na zipo wazi kwenye intaneti. Mle ndani kuna herufi Q na tarakimu nne, mfano Q1014. Ingiza namba hiyo kwenye skrini kama mgandamizo wa usawa wa bahari, ndani ya saa ileile.

Hapa naomba unisikilize, maana watu wengi wamevunjwa moyo na jambo hili. Karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kama maji ya bahari. Unafika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, unashuka chini kabisa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Mwendo huo ni wa milibari tatu hivi, na hauhusiani na mvua. Ulaya, mgandamizo ukishuka namna hiyo unaweza kuashiria hali kubadilika, na vile vipicha vya jua na wingu kwenye skrini vimetungwa kwa hali ya hewa ya huko. Kwetu vitakuchorea wingu kila alasiri. Usivitumie kuamua kuanika mpunga. Utabiri chukua kwa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), au idara ya nchi yako. Kituo chako kazi yake ni kukuambia kilichotokea kwako.

## Hatua ya 7: Intaneti na saa

Ruta nyingi hurusha Wi-Fi ya aina mbili. Vituo karibu vyote hupokea ile ya GHz 2.4 tu. Ikigoma kuunganishwa, ingia kwenye ruta uzime ya 5 kwa muda, unganisha, kisha uiwashe tena.

Weka ukanda wa saa +3, au +2 kwa walio Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo. Weka betri kwenye skrini hata kama ina adapta. Umeme ukikatika bila betri, vituo vingi husahau saa, na mvua ya usiku huo huangukia tarehe isiyo yake. Ngurumo zikianza, chomoa adapta.

Kama unataka kutangaza takwimu zako kwa watu na uko Tanzania, pita kwanza ofisi ya TMA uulize utaratibu wa usajili. Mamlaka hiyo, kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo inayosimamia huduma za hali ya hewa nchini.

## Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza na baada ya hapo

Kwa siku thelathini andika kwenye daftari kila asubuhi: joto la chini kabisa la usiku, joto la juu la jana, mvua ya mashine, mvua ya kopo. Dakika mbili tu.

Linganisha joto lako na la kituo rasmi kilicho karibu, ukikumbuka kwamba kila mita 100 za kupanda hupunguza kama nyuzi 0.6. Usiku mkiwa sawa lakini mchana wewe unazidi kwa nyuzi nne au tano, jua linakifikia kipimajoto: rudi Hatua ya 2. Ukizidi mchana na usiku kwa kiasi kilekile, kipimajoto chenyewe kimehama, kirekebishe kwenye mipangilio.

Mashine ikipungua kuliko kopo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa mvua tatu mfululizo, safisha faneli kabla ya kugusa kitu kingine.

Kila mwezi, na kila wiki wakati wa vuli na masika: toa majani, futa vumbi kwenye kibao cha sola kwa kitambaa kibichi, chungulia kikombe cha mvua kwa tochi. Buibui mmoja akifunga utando hapo, kikombe hakibinuki. Nyigu wa udongo hupenda visahani vyeupe vinavyokinga kipimajoto, na hewa isipopita humo, joto linapanda. Ondoa udongo kwa kijiti na brashi. Usipulize dawa ya wadudu ndani, inaharibu kipima unyevu.

Kama kunguru wamefanya kichwa kiti chao, funga vibanio vya plastiki, vile vya kufungia nyaya, kuzunguka ukingo wa faneli na uache mikia mirefu ya vibanio hivyo isimame wima. Mimi niliweka minane, na faneli imekaa safi masika mawili sasa.